Ushuru wa Kisima

Mkurugenzi wa redio aliniuliza kama ningeweza kumuua Mwenye Kisima hewani, nami nikakubali kabla chai yangu haijapoa. Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo ningeweza kukataa, na kila nikirudia naona mahali palikuwepo tele. Ningeweza kusema tumuulize kwanza Yona, kwa kuwa Mwenye Kisima alikuwa ni yeye, sauti yake, kikohozi chake na kile kicheko chake cha puani. Ningeweza kusema tusubiri arudi kutoka Gulwe alikokwenda kulima. Ningeweza hata kunyamaza, maana mkurugenzi wetu alikuwa kijana mwenye haraka, na jambo lililokosa jibu alilisahau kabla ya kushuka ngazi. Badala yake nilisema, "Inawezekana. Tena nitaiandika mwenyewe." Maneno hayo ya mwisho hakuna aliyeniomba.

Mwezi uliopita Neema, binti wa Yona, alinipigia simu. Alinisalimu shikamoo baba mdogo, akaniuliza hali ya miguu, kisha akasema mama yake amefariki na watazika kesho yake mchana. Nilikwenda Gulwe. Nilikuta nyumba ileile iliyo ng'ambo ya reli, sasa ina bati jipya, na ua umejaa viti vya plastiki vya kukodi. Wakati wa kutoa jeneza nje, kijana mmoja wa kamati ya mazishi alishika kipaza sauti akauliza kama watani wapo, wajitokeze wafanye kazi yao, tusije tukazika msiba mkavu. Watu walicheka kidogo, wakageuka huku na huku. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na masufuria ya wapishi. Neema aliniona. Akainamisha uso, akamwambia yule kijana waendelee. Sikujitokeza. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiuandika mwaka ule.

Redio yetu ilikuwa hapa Dodoma, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, unapanda ngazi za nje zilizonuka rangi na saruji. Ndiyo miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa, maduka, mabasi, magazeti, na mwishowe redio za watu binafsi. Sisi tuliokuwa tumeajiriwa tulikuwa tunafungiwa mlango upande wa pili. Yona alikuwa amepunguzwa kazi relini, kwenye genge la kutengeneza njia. Mimi nilikuwa karani wa ushirika mpaka ushirika wenyewe ulipokwisha, nikarudi kwenye ufundi wa redio niliojifunza nilipokuwa sekondari, nikaweka meza barazani kwangu. Jumamosi tulikuwa tukichekesha watu ukumbini, bila malipo ya maana, kwa kuwa tulipenda. Mkurugenzi alikuja kutusikiliza akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, na mara tukajikuta tuna kipindi.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kuliko jiko la mke wangu. Kuta zilibandikwa trei za mayai, na juu ya dirisha waliegemeza godoro ili kelele za barabarani zisiingie. Pangaboi lilizimwa taa nyekundu ikiwaka, kwa sababu mlio wake uliingia kwenye kanda, basi tulifanya kazi huku jasho likitudondokea miguuni. Lakini kipindi chenyewe tulikirekodi ukumbini, mbele ya watu, mchana wa Jumamosi, na ndicho nilichokipenda. Alianza mpiga zeze kutoka Hombolo, ikafuata kwaya au kundi la vijana wa taarabu wa hapa mjini, kisha vitendawili, na aliyepatia alipewa mche wa sabuni ya mdhamini. Sisi tulikuwa wa mwisho. Vifaa vyetu vilikuwa ndoo ya bati, kamba, kata ya kibuyu na karai la maji. Yona aliweza kuidondosha ndoo ile ndani ya karai kwa namna ambayo ukifumba macho uliona kisima kirefu, chenye giza na maji machache chini.

Mchezo ulikuwa mmoja wiki zote. Mimi ni mpagazi wa misafara ya zamani, natoka Tabora na mzigo kichwani, nakwenda pwani, nimefika Ugogo na kiu inaniua. Yeye ni mwenye kisima, hamruhusu mtu kuchota mpaka alipe ushuru. Kila wiki nilikuja na hila mpya na kila wiki aliniacha bila nguo. Watu walikuwa wanaijua salamu yetu, wakaitikia nasi.

"Hodi mwenye kisima. Mpagazi wako nina kiu."

"Kiu ni yako. Kisima ni changu."

"Basi nipe ya kunawa uso tu."

"Uso gani, huo? Ukikiinamia tu kisima changu, maji yatakimbia."

Hayo hatukuyaandika. Yalitoka kwenye utani, na utani ulikuwa umetupata tayari umekamilika. Babu yangu alifika hapa na misafara akiwa Mnyamwezi mwenye kikoi kimoja, akabaki, akaoa. Yona alikuwa Mgogo wa Gulwe, na babu zake ndio waliokuwa wakiwalipisha babu zangu maji. Kwa hiyo tangu siku tulipojuana hatukuwahi kuitana kwa majina. Aliniita mtani, nami nikamwita mtani. Akija nyumbani aliingia moja kwa moja jikoni akafunua sufuria, akamwambia mke wangu, "Shemeji, huyu mtumwa wangu unamlisha vizuri hivi kwa idhini ya nani?" Mke wangu alikuwa akimfukuza na mwiko. Kisha alimpakulia kabla yangu.

Siku moja tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za ukumbi baada ya kurekodi. Yeye anabangua karanga, maganda anayapuliza upande wangu. Tulikuwa tumetoka kumzika jamaa mmoja wa kwao, na mimi nilikuwa nimefanya mambo yangu pale. Nilifunga kamba njiani jeneza lisipite, nikaingia kaburini nikalala chali, nikasema sitoki, marehemu ana deni la maji, mpaka shangazi zake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia, wakanipa kuku. Ndivyo ilivyo kwetu. Msiba usio na mtani ni mzito mno kwa wenye msiba, hauna mahali pa kuvutia pumzi. Yona alikuwa amefurahi. Aliniambia nikimtangulia atanifanyia hayo na zaidi, atavaa kanzu yangu na kusoma dua vibaya. "Na mimi nikitangulia," alisema, "ndiyo siku yako hiyo, mtani. Utafunga kamba, utakaa juu ya kaburi, na ukoo wangu wote utakulipa wewe ushuru. Siku moja tu katika maisha yako, usiikose." Nilimwambia nitadai ng'ombe. Akasema kwa kuku watanibembeleza, lakini nikaze.

Kisha akasema jambo jingine, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia namna ya kupanda karanga. Alisema wapo wanaofikiri utani ni ruhusa ya kusema lolote. Siyo. Unamtania mtu aliye mbele yako, mwenye mdomo wa kukujibu. Hata maiti, ndugu zake humjibia. Ukimtania mtu mahali asipoweza kukujibu, hapo umemtukana tu. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nasikiliza kwa nusu, nikiwaza neno la wiki inayofuata.

Lazima niseme pia nilichokisikia mwezi uleule. Nilikuwa barazani kwangu, kichwa ndani ya redio, na akina mama wawili waliokuja kununua vitumbua vya mke wangu walikuwa wanakisifu kipindi. Mmoja alisema huwezi kumsikia yule Mgogo ukabaki na mbavu. Mwingine akauliza, na yule mwenzake je? Wa kwanza akafikiri. "Yule naye yupo," alisema. "Si ndiye anayebeba mzigo." Walicheka bila ubaya wowote, wakaondoka na vitumbua vyao. Mke wangu alinitazama, akaona nimesikia, akaniletea kimoja kwenye kisahani. Sikukila. Kwa miezi iliyofuata, kila ukumbi ulipoangua kicheko nilisikiliza kicheko kile ni cha nani, na karibu kila mara kilikuwa cha Yona.

Mvua za kwanza zilipoanguka Yona aliaga kwenda kulima. Alifanya hivyo kila mwaka, na alikuwa amemwambia mkurugenzi tangu mwanzo kwamba kilimo hakisubiri, tena shamba la mtama Gulwe likikosa siku zake limekosa mwaka. Tuliweka akiba ya kanda za kutosha wiki kadhaa. Aliondoka na jembe jipya na kikohozi ambacho mke wangu hakukipenda. Kanda zikaisha, mvua ikaendelea vizuri, naye hakurudi. Ndipo mkurugenzi aliponiita, akaniagizia chai ya maziwa kutoka hotelini chini, akanieleza kwamba redio nyingine inakuja mjini, kwamba mdhamini anataka kitu cha kuzungumzwa sokoni na kwenye mabasi, na kwamba kipindi hakiwezi kutegemea jembe la mtu mmoja. "Kaka Rama, Mwenye Kisima afe," alisema. "Watu walie kidogo. Halafu kipindi kinakuwa chako, Safari za Mpagazi, wewe ndiye nyota." Alipotamka jina lile la kipindi nililiona limechapwa kwenye ukuta wa ukumbi. Nikasema inawezekana, tena nitaiandika mwenyewe.

Niliiandika vizuri. Niliifuata namna ileile tunayoijua sote, ya matangazo ya vifo tuliyozoea kuyasikia kwenye redio ya taifa tangu utoto, yale ambayo ukiyasikia nyumba nzima hunyamaza na mtu mmoja huongeza sauti. Fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Niliweka Gulwe, kwa sababu Mwenye Kisima alikuwa daima wa Gulwe. Niliweka ndugu Lukasi, kwa sababu kila aliyesikiliza kipindi alijua Mwenye Kisima ana mdogo wake Lukasi anayelinda kisima usiku, na Yona kweli alikuwa na mdogo wake aitwaye Lukasi. Mkurugenzi aliisoma, akacheka mwishoni, kisha akasema anataka tangazo lisomwe bila muziki, likifuatiwa na tangazo la sabuni, ndipo nije mimi kueleza kwamba marehemu amefariki kwa sababu alikunywa maji ya kisima chake mwenyewe bila kujilipa ushuru. Watu wakae wanangoja, alisema, kabla hawajacheka. Aliuliza kama jina la Yona liwemo, maana wasikilizaji wengi wanalijua. Nikasema liwemo, ndiyo utani wenyewe huo. Nililisoma mimi, kwa sauti nzito, na fundi mitambo aliniambia mwili umemsisimka.

Mimi ni fundi redio. Kwa miaka mingi watu wa vijijini walikuwa wamenieleza, huku wakisubiri redio zao, wanavyotunza betri. Wanazianika juani zipate nguvu, wanaziuma kidogo kwa meno, na wanafungua redio kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu, kisha wanaizima palepale. Hakuna anayechoma betri kusikiliza sabuni. Jambo hili nililijua kuliko mkurugenzi, kuliko mdhamini, kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Sikulikumbuka mpaka lilipokwisha kutokea.

Kilichotokea Gulwe nilielezwa na wengi, na wote walieleza sawasawa. Yona alikuwa shambani upande wa mtoni. Nyumbani walisikia kilio kwa jirani mwenye redio, wakaenda kuuliza nani amekufa, wakaambiwa ni Yona, amefia mjini. Mkewe alisema Yona yuko shambani, ameondoka asubuhi na kibuyu cha uji, lakini tayari wanawake walikuwa wameshamshika mikono na kumkalisha chini, maana mjane huwa anasema hivyohivyo. Mama yake Yona, bibi kizee asiyeona vizuri, alizivuta shanga zake shingoni zikakatika. Watu waliokuwa Mpwapwa walianza safari. Wengine walishuka kwenye treni na unga na kanga na mikeka. Yona alitokea jioni na jembe begani, akawakuta wamejaa uani kwake wanamlilia. Wengi walikimbia. Mama yake alipomshika uso hakuamini, akamwambia kama umekuja kunichukua basi twende.

Na Yona alifanya nini? Alichinja mbuzi. Alisema watu wametoka mbali, hawawezi kurudi na njaa kwa sababu ya marehemu kukosa adabu. Aliwaambia huo ni utani wa mtani wake wa Dodoma, Mnyamwezi mmoja hana akili, na kwamba atamjibu. Akawachekesha mpaka wakala. Lukasi ndiye aliyeniambia kwamba baadaye, watu walipoondoka, alimkuta kaka yake ameketi nyuma ya nyumba akiokota shanga za mama yao moja moja kutoka kwenye vumbi, wala hakuinua kichwa.

Mjini kipindi kilizungumzwa sokoni na kwenye mabasi, kama mdhamini alivyotaka. Watu walinisimamisha njiani kunipa pole huku wakicheka. Nilipata kile kicheko nilichokuwa nakisikiliza, na kilikuwa changu peke yangu.

Yona alikuja baada ya mavuno. Alipiga hodi mlangoni badala ya kuingia jikoni, na mke wangu aliyemjua vizuri aliweka chini mwiko wake kabla hajamwona. Alikuwa amekonda. Alikuwa amemletea mke wangu karanga na mlenda uliokaushwa na kusagwa, umefungwa kwenye gazeti. Tukala ugali pamoja kwenye mkeka, mlenda ulikuwa na chumvi kidogo mno, na hakuna aliyeitaja. Alinieleza habari za mvua. Alieleza habari za Neema, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza. Nilikuwa nangoja anitukane, ningefurahi. Aliponawa mikono aliikausha kwa utaratibu, kidole kwa kidole, akasema, "Mtani, umenizika vizuri. Hata mimi ningelia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Lakini umenizika mahali ambapo sina mdomo. Wewe unacho, mimi sina. Nipeleke kwa kijana wako anipe Jumamosi moja. Nitatoka kaburini, nitakujibu, watu watacheka, mama yangu atasikia. Basi, itakuwa imekwisha."

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika. Alisema, "Mpeleke, baba Zuhura." Nami nikasema nitampeleka, kesho yake asubuhi.

Asubuhi nilikwenda kwanza peke yangu, ili kumwandaa mkurugenzi, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mkurugenzi alikuwa anazungumza kwenye simu, akanionyesha kiti. Alipomaliza nilimwambia Yona amerudi na angependa kutokea. Alifikiri kidogo, akauliza, "Wewe unaonaje? Kipindi sasa ni chako." Aliniuliza mimi. Hakukataa, na ningependa mtu yeyote anayesoma haya aelewe hivyo, kwa sababu kwa miaka mingi nilisimulia kwamba mkurugenzi ndiye aliyekataa. Kupitia mlangoni nilitazama godoro lile la chumba cha kurekodia. Niliwaza ukumbi utakavyolipuka akifufuka, na nikajua kwamba baada ya Jumamosi hiyo nisingekuwa na kipindi tena, ningebaki na mzigo. Nikasema labda baadaye, watu bado hawajachoka na msiba. Akasema sawa, akashika simu nyingine.

Yona alikuwa ananisubiri chini dukani, amekaa juu ya mifuko ya saruji, amevaa shati lake la kurekodia. Nilimwambia wamekataa. Nadhani alijua. Kisha akatabasamu, akanyanyuka, akajipangusa saruji makalioni, akasema, "Haya. Nitakujibu mwenyewe, mtani. Redio si hii peke yake." Nikamwambia namsubiri. Nikamsindikiza stesheni. Njiani alikohoa mara nyingi, kila akimaliza ananiambia hiyo ni dawa ya kunifanya nimhurumie. Dirishani kwenye behewa alinyoosha mkono kama mwenye kisima anayedai ushuru wake, nami nikamwekea ganda la karanga lililokuwa mfukoni mwangu. Akalifunga kwenye leso. Treni ikaondoka, akiwa bado anafunga fundo.

Safari za Mpagazi hazikufika mbali. Mpagazi asiye na mtu wa kumnyima maji hana la kusema. Nilijaribu sauti mbili, yangu na ya mwenye kisima mwingine, nikidondosha ndoo mwenyewe, lakini ndoo yangu ilianguka ndani ya karai tu. Ukumbini watu wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Ilipofika miezi ya upepo mkurugenzi aliweka kipindi cha salamu na muziki kutoka Kongo mahali pangu, nikarudi kwenye meza yangu barazani moja kwa moja. Sikumwandikia Yona. Nilikuwa naona aibu, na aibu yenyewe niliificha kwa kuwaambia watu kwamba nangoja jibu lake, kwamba mtani wangu ameniwekea kisasi na siku moja mtakisikia. Nilisema hivyo mara nyingi barazani pale, mpaka wateja wangu nao wakawa wanangoja.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, upepo unavuma na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Nilikuwa nimetoka kutengeneza redio ya muuza mkaa mmoja, nikaifungua kuijaribu, na sauti ya redio ya taifa ikatoka safi kabisa katikati ya matangazo ya vifo. Muuza mkaa alikuwepo, walikuwepo na wacheza bao wa jirani. Msomaji alisema ndugu Lukasi wa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake mpendwa Yona. Alisema mazishi ni kesho Gulwe. Akasoma majina ya ndugu walioko Chemba na Kilosa. Kisha akasema, habari zimfikie pia mtani wake, Ramadhani fundi redio wa Dodoma mjini, ambaye anaombwa afike bila kukosa.

Baraza zima liligeuka kunitazama. Nami nilicheka. Nilipiga meza kwa mkono, bisibisi zikaruka, nikasema, "Kanijibu! Nilijua tu. Kaenda mpaka redio ya taifa!" Wote wakacheka. Muuza mkaa alisema Mgogo huyu kiboko, wewe ukienda utamkuta anakula mbuzi. Nikasema siendi ng'o, anataka nishuke kwenye treni nikilia, kijiji kizima kinicheke. Mke wangu alitoka ndani na unga mikononi, akauliza kuna nini, nikamweleza. Hakucheka. Alisema niende hata kama ni utani, maana mtu akikuita kwa jina unakwenda. Nilimwambia haelewi michezo yetu. Jioni ile nilikuwa na furaha niliyoikosa miezi mingi, kwa sababu niliona amenisamehe.

Lukasi alikuja siku chache baadaye, amenyoa kichwa. Alisimama mbele ya meza yangu, wala hakukaa nilipomsogezea kigoda. Alisema Yona mwenyewe ndiye aliyeagiza jina langu liwekwe kwenye tangazo, siku alipoona kifua hakitapona, na aliwaambia nitakapofika wanipe ng'ombe, wasinibembeleze kwa kuku. Walisubiri treni ya kwanza nikakosekana. Mchungaji akataka waendelee, mama yake Yona akakataa, akasema mtani wake anakuja. Walikaa na jeneza uani mpaka jua likawa linazama, kamba ya njiani imelazwa chini tayari kwa ajili yangu, na mwishowe wakamzika gizani, kimya, bila mtu wa kuingia kaburini. Watu walikuwa wachache. Wengi waliosikia tangazo walisema safari hii hatudanganyiki. Kisha Lukasi akatoa leso iliyofungwa fundo, akaiweka mezani katikati ya nyaya, akaondoka. Sikuhitaji kuifungua.

Huo ndio uamuzi wangu wa asubuhi ile ya chai, na hiki ndicho ulichonigharimu. Rafiki yangu alipokufa aliniita kwa jina langu, nchi nzima ikasikia, na mimi nilicheka nikabaki nyumbani.